Mama mkwe anasema katika filamu ya Sholay Radha hakumpenda Jai, nami siwezi kukubali

Shangazi, shikamoo.

Naomba unisomee barua hii mpaka mwisho, kwa sababu kila niliyemweleza jambo langu amecheka, na mimi halinichekeshi.

Tangu niolewe naishi na mama mkwe wangu hapa Ng'ambo. Ni mtu mwema, sina la kumlalamikia. Nilipokuja sikuwa na la kuzungumza naye, yeye mkimya na mimi mgeni, mpaka siku aliponikuta uani nakuna nazi huku naimba wimbo wa Kihindi, akanimalizia ubeti. Toka hapo usiku wa Alhamisi ukawa wetu: mimi, yeye na wifi yangu anayekaa mtaa wa pili. Tunakaanga bajia, mume wangu anatuachia televisheni, tunaangalia picha za Kihindi, yaani filamu za zamani nilizozihifadhi kwenye flashi. Mimi na wifi tunasoma maandishi ya chini, mama hayahitaji. Kihindi alikiokota kwa masikio tangu usichana wake, enzi za maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, wakienda sinema na mabuibui yao na kurudi macho mekundu kwa kulia.

Mwezi uliopita tuliangalia Sholay, picha ya mwaka 1975. Wewe bila shaka unaijua, ila niwaeleze wasomaji wako vijana. Thakur, aliyekuwa polisi, amekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, aliyemuulia na watu wa nyumbani kwake. Anawakodi wezi wawili, marafiki wa kufa na kuzikana, Veeru ambaye ni Dharmendra na Jai ambaye ni Amitabh Bachchan, wamletee Gabbar akiwa hai. Katika nyumba ya Thakur amesalia mke wa mwanawe, Radha, aliyeigizwa na Jaya Bhaduri. Ni mjane kijana, nguo nyeupe, kimya. Veeru anampenda Basanti, msichana anayeendesha gari la farasi, na hilo halina mjadala. Sisi tumegombana juu ya Jai na Radha.

Mimi nilisema tu, kama mtu anavyosema jambo linalojulikana, kwamba inauma vile walivyopendana na hawakupata kuoana. Mama akasema, "Hakuna mapenzi pale." Nikadhani ananitania. Akaendelea kwamba wapenzi wa picha ya Kihindi huimba, Veeru na Basanti wameimba, na Jai na Radha hawana hata ubeti mmoja. Hawajashikana mkono, na Radha hajasema neno. Jai alimwonea huruma, Radha akamheshimu, basi. Wifi naye akaongeza kwamba tunaoona mapenzi pale tunamwona Amitabh na mkewe, kwa kuwa wale walioana kweli mwaka 1973, hata picha haijaanza kupigwa.

Nikawajibu, wakanijibu, sauti zikapanda. Mwisho wifi akaniambia, "Wewe unataka kumvunjia heshima mjane wa watu. Mwanamke kafiwa, katulia kwake, wewe unamtafutia bwana." Mama hakumkanya. Alinyanyuka akaenda kulala na bajia tukazitupa asubuhi.

Shangazi, mama mwenyewe ni mjane. Mume wangu alikuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani baba yao alipofariki. Waliomposa mama walikuwepo, lakini hakuolewa tena, akawalea wanawe kwa kuuza vitumbua. Nalitaja hili kwa sababu mume wangu alipopata habari aliniuliza, "Ulisema hayo mbele ya mama?" Tangu hapo silali vizuri.

Salamu zipo na sinia ni moja, lakini Alhamisi imekufa. Mume wangu anasema hiyo ni picha tu, nimwombe mama radhi, niseme yeye ndiye aliyepata, yaishe. Siwezi. Nikisema Jai na Radha hawakupendana nitakuwa nasema uongo, na mama atanijua usoni. Nimeanza kukusanya kwenye simu vipande vya picha na mahojiano ya waliohusika, ili siku moja niwakalishe niwaonyeshe.

Nani kati yetu ana haki? Na je, nikubali yaishe, au nishikilie ninachokiamini?

Jambo jingine: nasikia picha hiyo imesafishwa upya na kuonyeshwa Italia mwaka 2025 ikiwa na mwisho wake wa asili ambao ulikatwa. Labda mle mna jibu?

Mke wa Watu,
Ng'ambo, Unguja

*

Marahaba, mwanangu.

Sicheki hata kidogo. Watu wa pwani hii tumezililia filamu za Kihindi tangu Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, na anayejua kilio hicho hawezi kusema "ni picha tu". Mumeo anakutakia amani, namshukuru. Lakini kauli ile inawashusha watu watatu kwa mpigo, wewe, mama yake na dada yake, ambao mmeijali hadithi ya mjane mmoja kiasi cha kugombana kwa ajili yake. Mwombe aiache.

Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja: walipendana. Ila hoja za mkweo ni nzito kuliko unavyozipokea, na mojawapo mimi naikubali nusu yake.

Anza na hoja ya wimbo. Hiyo si hoja ya mtu asiyeelewa filamu, ni ya mtu aliyekulia ndani yake. Katika sinema ya Bombay wimbo ndipo mahali wapenzi wanaposemea yale ambayo mazungumzo hayawezi kuyabeba, na mkweo amezoea kuutafuta hapo. Lakini mwulize, kwa adabu, Radha angeimba nini, na wapi? Siku ya Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu, kijiji kizima kinarushiana rangi, Veeru na Basanti wanacheza katikati ya umati, naye Radha amesimama pembeni na nguo zake nyeupe, kwa sababu kwa mila za kijiji kile mjane hana fungu katika rangi. Hawezi kuimba wimbo wa mapenzi na ikabaki kuwa hadithi ya Radha. Wimbo wao umewekwa mahali pengine. R.D. Burman, mtunzi wa muziki, amempa Jai kinanda cha mdomo. Jioni Jai anakaa nje anapiga muziki usio na maneno, na kule juu ghorofani Radha anapita na kuzima taa, moja baada ya nyingine. Hawasemeshani. Taa zinazimika, Jai anatazama.

Kipande kile kinachukua muda mfupi sana kwenye filamu, na kukipiga kulikula siku nyingi, inasimuliwa karibu 20. Mwongozaji Ramesh Sippy na mpiga picha Dwarka Divecha waliitaka nuru ya magharibi, jua limeshazama na giza halijaingia, na nuru hiyo hukaa dakika chache tu kwa siku. Ikiwapita, wanangoja kesho. Hakuna mtu anayepoteza jioni zote hizo kumwonyesha mwanamke akizima taa ikiwa kuzima taa ndiyo habari yenyewe yote. Kwa hiyo mama akikwambia hawakuimba, mwambie waliimba, ila wimbo wao haukupewa maneno.

Wifi yako naye si mjinga. Ni kweli Amitabh na Jaya walioana Juni 1973, upigaji picha ukaanza Oktoba mwaka huohuo kule Ramanagara, karibu na Bangalore, na Jaya alikuwa na mimba ya binti yao aliyezaliwa Machi 1974. Anayeyajua hayo hawezi kuyasahau akimwona Jai akiinua macho kumtazama Radha. Wifi anaonya kwamba tusichukue ndoa ya watu tukaibandika kwenye hadithi, na onyo hilo ni la haki. Mimi nimelipokea, nikajaribu kuwafuta kabisa wale waigizaji kichwani na kutazama yaliyoandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar peke yake. Bado mapenzi nayaona.

Chukua usiku ule wa kasha la fedha. Jai na Veeru bado ni wezi, wameingia kimyakimya kuvunja kasha la Thakur. Radha anatokea. Hapigi kelele wala haiti mtu, anawatolea funguo. Wachukue kila kitu waende zao, ili Thakur ajue jinsi watu aliowaamini walivyo. Hakuna kipigo kinachoweza kumrudisha mwizi nyuma kama kile. Mapenzi ya Jai yameanzia kwenye aibu aliyotiwa na mwanamke huyu, na hapo ndipo neno "huruma" linaposhindwa. Aliyeaibishwa ni Jai, na mtu hamwonei huruma aliyemshinda.

Halafu tunasimuliwa Radha alivyokuwa kabla ya msiba. Mtumishi wa nyumba, Ramlal, anamkumbuka msichana mcheshi, maneno hayaishi mdomoni, mwenye kuipenda Holi kupita sikukuu zote. Tunamwona mwenyewe, rangi mashavuni. Kisha tunarudishwa kwa huyu wa sasa anayepita na taa. Waandishi hawakutupa habari hiyo bure. Jai ameshajua ni nani aliyezikwa ndani ya zile nguo nyeupe, na kuanzia hapo anamtazama yule.

Tena mwangalie Jai mwenyewe ni mtu wa namna gani. Alipotumwa kumposea Veeru kwa dada wa mama yake Basanti, alikuwa na maneno tele, akamwaga kila aibu ya rafiki yake huku akijifanya anamsifu. Kwa jambo la moyo wake hana kauli. Na ile sarafu? Filamu nzima yeye na Veeru wanaamua mambo kwa kurusha sarafu, Jai anashinda, na ni pale anapokufa ndipo Veeru anapoigeuza na kugundua kwamba pande zote mbili ni sawa. Rafiki aliyelala naye jela moja hakujua. Mtu aliyeweza kuficha hilo kwa miaka yote, ya Radha angeyatangazia nani? Sisi tuliozoea kusema steringi hafi tunaumia sana kwa Jai kwa sababu hiyo: amekufa kabla hajasema.

Sasa nije kwenye ile nusu ninayomkubalia mkweo. Anasema Radha hajasema neno, na ni kweli. Thakur anakwenda kwa baba yake Radha kuleta habari ya kumwoza kwa Jai. Baba anauliza jamii itasema nini. Thakur anamjibu kwamba jamii imewekwa ili imwokoe mtu na upweke, haikuwekwa ili imwache mtu peke yake. Ni maneno makubwa, mimi nayaona ndiyo makubwa kupita yote katika filamu ile, na watu wanaojua kwa moyo kila sentensi ya Gabbar hawayakumbuki haya. Lakini tazama nani anazungumza: wanaume wawili wazima, kuhusu mwanamke. Kutoka kinywani mwa Radha, tangu filamu inaanza mpaka inakwisha, hatupewi sentensi moja ya mapenzi. Anayesema Jai alimpenda Radha ana ushahidi wa kutosha. Anayesema Radha alimpenda Jai, kama ninavyosema mimi, anashuhudia kwa macho na miguu ya Radha: Jai anarudishwa amejeruhiwa, Radha anatoka mbio, kisha anajizuia, Jai anakufa, Radha analia kifuani kwa Thakur, na mzee yule hana mikono ya kumshikia. Baadaye tunamwona akifunga dirisha.

Mimi nikiyatazama hayo naona mapenzi. Lakini mkweo akisema yale ni machozi ya mwanamke aliyeonyeshwa kwamba anaweza kuishi tena, kisha akanyang'anywa, hajasema upuuzi, na huenda amemsoma Radha kwa makini kukuzidi. Walioitengeneza filamu walikuwa na nafasi ya kumpa Radha sentensi moja tu ya kutumaliza ubishi. Walimnyima kwa kusudi. Kwa hiyo usishangae kuwa watu wameliangalia jambo hilohilo tangu 1975 na bado hawajakubaliana.

Nusu ya pili ya hoja yake naikataa. Kutosema si kutopenda. Sidhani hata mkweo, aliyemaliza ubeti wako uani bila kukwambia kwamba amekupenda, anaamini hivyo.

Na lile neno la wifi, kwamba kuona mapenzi pale ni kumvunjia mjane heshima, silikubali hata robo. Radha ni mjane wa Kihindu wa kijijini. Sheria ya kuruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena ilipitishwa India mwaka 1856, baada ya mwanachuoni wa Bengal, Ishwar Chandra Vidyasagar, kuipigania kwa maandiko ya dini yao wenyewe. Sheria ikawepo, vijiji vikabaki na mila zao, na filamu hii ya zaidi ya miaka 100 baadaye bado inamwonyesha baba akiuliza watu watasema nini. Filamu iko upande wa Thakur katika swali hilo. Kumwona Radha kama mwanamke anayeweza kupendwa ndiyo heshima ambayo hadithi yenyewe inamdai mtazamaji ampe.

Kwetu sisi Waislamu wa visiwani wala haikupasa kuwa swali. Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi, ikimalizika yuko huru. Katika Suratul Baqara, mara tu baada ya aya ya eda hiyo, inafuata aya inayosema hapana ubaya kwa wanaume kuashiria posa kwa wanawake hao. Kilichokatazwa ni kuagana nao kwa siri. Ishara imeruhusiwa hata eda haijakwisha! Wifi yako anaijua dini yake. Nadhani siku ile alizungumza kwa uchungu, na uchungu huo hakuutoa kwenye filamu.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu sana. Umeniandikia kwamba mkweo ni mjane aliyekataa posa akalea wanawe. Usije hata siku moja ukalitumia hilo katika ubishi huu, wala kwa kumhurumia. Usimwambie "mama, nimeelewa kwa nini unasema vile". Hujaelewa, wala mimi sijaelewa. Pengine maisha yake hayahusiani kabisa na maoni yake juu ya Radha; watu wazima wana haki ya kuwa na maoni juu ya filamu bila kupekuliwa ndoa zao. Pengine yanahusiana, na basi hilo ni lake, atalisema akitaka au hatalisema. Swali la mumeo lilikutia hofu, lakini angalia ulilosema hasa: ulisema inauma vile walivyopendana. Hilo si tusi kwa mjane yeyote. Huna la kuombea radhi katika sentensi hiyo. Kama sauti ilipanda mbele ya mama, sauti unaweza kuiombea radhi, maana yeye ni mama. Sema, "Mama, nisamehe nilikupandishia sauti," uishie hapo. Usiongeze "lakini", na usiongeze "wewe ndiye uliyepata".

Kwa hiyo la, usikubali yaishe kwa uongo. Mkweo angeupokea ule uongo kwa upole, na kuanzia siku hiyo angejua kwamba mnapokaa mbele ya televisheni unamkubalia tu. Alhamisi zenu zingerudi zikiwa na watazamaji wawili badala ya watatu.

Vile vipande ulivyovikusanya kwenye simu viache hukohuko. Unajiandaa kuwakalisha mkweo na wifi kama washtakiwa. Mahojiano nayo hayatakusaidia unavyodhani. Hata mwandishi mwenyewe angekuja Ng'ambo akaapa kwamba Radha alimpenda Jai, mama angemjibu, kwa haki kabisa, "Mbona hukulitia kwenye picha?" Kilichomo kwenye filamu mnacho nyote watatu sawasawa, na humo ndimo mnamoweza kuzungumza bila mmoja kuwa hakimu.

Ningekuwa wewe ningeondoka kwa Radha, nikaenda kwa Thakur. Muulize mama anamwonaje yule mzee kama mkwe. Usimuulize kwa hila ya kumrudisha kwenye ubishi. Muulize kwa kuwa ni swali zuri na yeye ana zaidi ya kusema kuliko wewe. Mzee amepoteza watoto, mjukuu, mikono. Aliyebaki katika nyumba yake ni mkwe mmoja tu, na akimwoza anabaki peke yake na Ramlal. Hata hivyo anakwenda kwa baba yake kumtakia mume, na huyo mume ni mwizi aliyetoka jela! Alifanya sawa? Ilimpasa amuulize Radha kwanza? Mkweo kama angekuwa yeye, angefanyaje? Hapo mtakuwa na mazungumzo ambayo hamjawahi kuwa nayo, na huenda mkatofautiana tena, ila mkitofautiana juu ya mkwe mwema hakuna atakayeondoka kwenda kulala.

Wifi mfuate kwake, peke yako, bila kumtuma mumeo. Mambo ya wifi na wifi yakipitia kwa kaka hurudi yamevimba. Mwambie waziwazi: "Dada, uliponiambia ninamvunjia heshima mjane, liliniuma, kwa sababu mimi nilikuwa upande wake." Kisha umsikilize. Usishangae akikwambia kwamba na yeye alikuwa upande wa Radha. Ndivyo ninavyowasoma ninyi wawili: kila mmoja alimkinga Radha, wewe na upweke, yeye na midomo ya watu. Na ile hoja yake ya Amitabh na Jaya mpe haki yake, mwambie ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa nzuri kweli, na siku ile hukumwambia.

Halafu Alhamisi ijayo kaanga bajia zako na uwaite kama kawaida, bila hotuba ya kufungua. Chagua picha nyingine, yenye nyimbo nyingi, Sholay ipumzike kwa sasa.

Ama hiyo nakala iliyosafishwa, habari uliyoipata ni sahihi. Ilionyeshwa Bologna, Italia, mwishoni mwa Juni 2025, filamu ilipokuwa inatimiza miaka 50, ikiwa na mwisho ule wa asili. Lakini mwisho huo unamhusu Gabbar. Katika hadithi ya awali Thakur anamuua kwa miguu yake, kwa viatu vilivyotiwa misumari. Wakaguzi wa filamu wa India wa mwaka 1975 hawakutaka kuona aliyekuwa polisi akijichukulia sheria mkononi, ndipo ukapigwa mwisho mwingine ambao polisi wanatokea na kumzuia. Itafute muiangalie, kwa ajili ya Thakur. Juu ya Jai na Radha mtabaki na kinanda kilekile na taa zilezile, na mkweo atabaki na haki ya kukubishia.

Shangazi